Gasketi Mbili, Jina Moja: Gharama ya Istilahi Zisizotengana

Katika karakana nyingi za magari nchini, neno gasketi hutumiwa kana kwamba kitu kinachotajwa ni kimoja tu. Fundi hufungua boneti, akatazama, akakuna kichwa, kisha akamwambia mwenye gari: "Gasketi imekwisha." Mwenye gari, ambaye aghalabu ni mtu aliyesoma lakini hakusomea magari, huitikia kwa unyonge na kuuliza bei. Hajui kwamba swali la kwanza lilipaswa kuwa: gasketi ipi?

Swali hilo si la mwenye kupenda ubishi. Injini ina gasketi nyingi, na mbili kati yake huchanganywa kila siku. Ya kwanza ni gasketi ya kichwa cha silinda, ile iliyo baina ya bloku na kichwa chenyewe. Ya pili ni gasketi ya kifuniko cha vali, ile ambayo mafundi wetu huiita gasketi ya tapeti kava. Zinatofautiana kwa mahali, kwa kazi na, zaidi ya yote, kwa gharama. Kuibadilisha ya kwanza ni kuing'oa nusu ya injini. Kuibadilisha ya pili, katika injini nyingi zenye silinda zilizopangwa mstari mmoja, ni kazi ya saa chache. Mtu asiyeweza kuzitenga kwa maneno hana namna ya kujua analipia ipi.

Tuanze na kazi zake. Gasketi ya kichwa cha silinda huzuia mambo matatu kwa pamoja: nguvu ya mlipuko ndani ya silinda, maji ya kupoza injini, na oili. Ikiharibika, maji hupungua pasipo kuonekana yanakovuja, injini huchemka, moshi mweupe hutoka nyuma, na pengine oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Gasketi ya kifuniko cha vali haina mzigo mzito kama huo. Juu ya kichwa cha silinda huzunguka kamshafti inayofungua na kufunga vali, nayo huogeshwa oili wakati wote injini inaponguruma. Kifuniko huizuia oili hiyo isiruke nje, na gasketi huziba nafasi ndogo iliyo baina ya kifuniko na kichwa.

Dalili zake basi ni nyingine kabisa. Oili huteremka ubavuni mwa injini ikashikana na vumbi. Ikidondokea bomba la moshi lililo moto, harufu ya kuungua huingia hadi kwenye viti na moshi mwembamba hufuka chini ya boneti. Katika injini za petroli ambazo plagi zake hupenya katikati ya kifuniko, oili huweza kujaa katika visima vya plagi, na gari likaanza kukohoa na kukosa nguvu. Si jambo la kupuuza, maana oili juu ya chuma chenye moto mkali huweza kuwaka. Hata hivyo, si sababu ya kung'oa kichwa cha silinda. Atakayemwona fundi akianza kufungua kichwa hicho kwa sababu tu ya oili iliyolowesha ubavu wa injini, ilhali maji hayapungui na injini haichemki, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Hapa ndipo mwanaisimu anapojikuta karakanani. Neno moja kubeba maana nyingi ni jambo la kawaida katika lugha zote duniani, na mara nyingi muktadha hutuondolea utata. Lakini muktadha humsaidia tu yule anayeujua. Fundi anaposema "gasketi" kwa fundi mwenzake, wote wawili wanaitazama injini na wanaelewana. Anaposema hivyo kwa mteja, neno lile lile hugeuka pazia. Si lazima fundi awe mwongo, kwani lugha yenyewe imekwisha kumpa nafasi ya kutoeleweka.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba ugonjwa huu unatokana na kukopa maneno ya Kiingereza, na kwamba dawa yake ni kubuni neno la Kiswahili. Hoja hiyo ina mvuto. Mabaharia wa pwani yetu wana neno kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta inayoshindiliwa katika maungio ya mbao za jahazi ili maji yasipenye. Kazi ya kalafati na kazi ya gasketi ni ndugu: zote huziba mahali ambapo vipande viwili vikavu vinakutana lakini havikutani barabara. Na si mara ya kwanza chombo cha bahari kukiazima chombo cha nchi kavu msamiati. Usukani tunaoushika garini leo ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari.

Licha ya hayo, sioni haja ya kulifukuza neno gasketi. Limekwisha kuzoea mazingira yetu, limepata ngeli yake ya I-ZI, na kila muuza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi analielewa. Kalafati na limfae mwalimu anayetaka mwanafunzi wa Lamu aielewe injini kwa kutumia jahazi analolijua. Tatizo letu halikuwa asili ya neno bali upungufu wa kivumishi. Tukisema "gasketi ya kifuniko cha vali" na "gasketi ya kichwa cha silinda", utata umekwisha, na hatukuhitaji kamati yoyote kuketi.

Utata wa majina haukomei hapo, bali hutufuata hadi dukani. Chukua mfano wa Toyota Land Cruiser, gari kubwa linalopendwa na mashirika, shule na wasafiri wa barabara mbovu. Mtu akiingia dukani na kutaka "gasketi ya Land Cruiser" hajasema kitu. Katika lile toleo la 80 lililoanza mwaka 1990 pekee, zimo injini ya dizeli ya 1HZ yenye ujazo wa lita 4.2, injini ya petroli ya 1FZ-FE yenye ujazo wa lita 4.5, na nyinginezo. Zote mbili nilizozitaja zina silinda sita katika mstari mmoja, lakini gasketi ya kifuniko cha hii haiingii katika ile. Jina la gari ni jina la ukoo, bali injini ndiyo yenye jina la mtu. Mnunuzi na anakili namba ya injini na namba ya fremu kabla hajatoka nyumbani.

Akisha kujua jina, atazame mali. Gasketi za zamani zilitengenezwa kwa gamba la mti wa koki, ambalo hukauka na kupasuka. Za mpira wa kawaida hudumu zaidi, ingawa joto la miaka mingi huzifanya ngumu kama plastiki. Za silikoni huvumilia joto vizuri zaidi. Gasketi nzuri ya mpira hupindika bila kuonyesha nyufa na hukaa katika mfereji wake pasipo kuvutwa. Kwa injini ya petroli, ni busara kununua pia mipira ya visima vya plagi na washa za mpira za bolti, kwa kuwa vyote huzeeka pamoja.

Ufungaji nao una adabu zake. Injini ipoe kwanza. Bolti zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Mabaki ya gasketi kuukuu yaondolewe kwa kipande cha plastiki au mti, si kwa patasi, maana kichwa cha aluminiamu hukwaruzika upesi, na mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili. Gundi ya silikoni itiwe tu katika pembe ambazo mtengenezaji ameelekeza. Anayeipaka kote huitia injini hatarini, kwa kuwa mabaki yake huweza kuangukia ndani na kuziba chujio la oili. Bolti zikazwe kwa hatua, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti hizo ni ndogo na hutaka nguvu ndogo, na mkono wenye hasira huzikata au kuikunja gasketi. Mwisho, vali ya kupumulia injini ikaguliwe. Ikiziba, mgandamizo wa ndani hupanda na kuisukuma oili nje hata kama gasketi ni mpya.

Haya yote yamesemwa kwa Kiswahili, na hayakupungukiwa na kitu. Nalitaja hilo makusudi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Walakini masomo ya ufundi katika taasisi zetu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe hufanywa kwa Kiswahili, kuanzia siku ya kwanza ya kijana karakanani hadi atakapostaafu. Matokeo yake ni fundi mwenye ujuzi mkononi asiyeweza kuueleza, na mteja mwenye shahada asiyeweza kuuliza.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuanza kulirekebisha jambo hili wiki ijayo, bila kusubiri waraka wa wizara. Badala ya insha ya kumi kuhusu siku isiyosahaulika, awatume wanafunzi wake katika karakana iliyo karibu na shule. Wakusanye majina ya sehemu 20 za injini kama mafundi wanavyoyatamka, waandike kazi ya kila sehemu kwa sentensi moja sanifu, kisha waonyeshe ni majina yapi yanachanganywa. Watajifunza ngeli, maana na ufafanuzi kwa zoezi moja, na fundi mwenyewe atajiona mwalimu. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu, kwa bahati njema, unazibwa kwa kalamu na daftari.