Mikia ya Mafuta Inayoshikiza Protini Kwenye Utando wa Seli

Utando unaozunguka seli ni mafuta. Umejengwa kwa tabaka mbili za molekuli ambazo vichwa vyake hupenda maji na kuelekea nje na ndani ya seli, huku mikia yake ya mafuta ikikutana katikati. Unene wake ni kama nanomita 5 tu. Protini nyingi huelea katika ute wa seli, ambao umejaa maji, na zikiachwa zenyewe hazina sababu ya kuyasogelea mafuta hayo. Hata hivyo ziko ambazo kazi yake iko papo hapo kwenye utando. Baadhi zimeumbwa na kipande kirefu kinachopenya utando kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zisizo na kipande hicho hubandikwa mkia wa mafuta, na mkia huo ndio unaozama katika utando na kuzishikilia.

Mkia mmojawapo ni asidi ya miristiki, yenye kaboni 14, ambayo imejaa katika kungumanga na hupatikana pia katika nazi. Protini inapokuwa bado inachomoza kutoka kwenye ribosomu, asidi amino yake ya kwanza, methionini, hukatwa. Ikiwa inayofuata ni glisini, na mpangilio wa zilizo nyuma yake unafaa, kimeng'enya maalumu huibandika asidi ya miristiki hapo. Kiungo hicho kwa kawaida hakiachii tena. Lakini kiungo kutoachia si sawa na mkia kushika vizuri: kaboni 14 peke yake ni chache, na protini huweza kuchomoka kwenye utando baada ya muda mfupi. Ndiyo maana huhitajika msaada wa pili.

Virusi vya Ukimwi vinaonyesha jambo hili waziwazi. Gag, protini inayojenga umbo la kirusi, ina mkia wa miristiki na, karibu nao, kundi la asidi amino zenye chaji chanya zinazovutwa na chaji hasi ya upande wa ndani wa utando. Glisini ya mwanzo ikibadilishwa katika maabara, Gag hushindwa kujikusanya kwenye utando, na virusi vipya havichipuki ipasavyo kutoka kwenye seli.

Msaada wa pili unaweza pia kuwa mkia mwingine: asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16, iliyo nyingi katika mafuta ya mawese. Hii huunganishwa na salfa ya asidi amino iitwayo sisteini, na tofauti na ile ya miristiki, inaweza kuondolewa na kurudishwa mara nyingi. Huenda huo ndio uhodari wake mkubwa. Kwa kuubandika na kuubandua mkia huu, seli huihamisha protini ileile kutoka utando mmoja hadi mwingine kadiri kazi inavyodai.

Aina ya tatu hutokana na njia ileile ya kikemia inayotengeneza kolesteroli. Mkia wa fanesili una kaboni 15, na ndugu yake, jeranilijeranili, ana 20. Yote miwili hubandikwa kwenye sisteini iliyo karibu na mwisho wa protini. Protini za Ras, zinazoiamuru seli igawanyike, huhitaji mkia wa fanesili ili zifanye kazi. Kwa kuwa Ras zilizoharibika huchochea saratani nyingi, zilitengenezwa dawa za kuuzuia mkia huo. Hesabu haikutimia: dawa zilipozuia fanesili, K-Ras, iliyo maarufu zaidi katika saratani, ilibandikwa jeranilijeranili badala yake. Moja ya dawa hizo, lonafarnib, ilipata kazi kwingine. Mwaka 2020 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya projeria, ugonjwa adimu unaowazeesha watoto, ambamo protini yenye kasoro hubaki na mkia wa fanesili uliopaswa kukatwa, ikang'ang'ania utando wa kiini cha seli.

Mikia hiyo yote hukaa upande wa ndani wa seli. Upande wa nje hutumika kitu kikubwa zaidi, nanga iitwayo GPI: mnyororo mfupi wa sukari unaounganisha mwisho wa protini na mafuta yaliyozama katika tabaka ya nje ya utando. Binadamu ana protini zaidi ya 100 za namna hii, lakini aliyeitumia nanga hii kupita wote ni tripanosoma, kimelea cha malale na nagana kinachosambazwa na mbung'o. Nanga yake ndiyo ya kwanza kufahamika muundo wake wote, katika kazi ya Michael Ferguson na wenzake iliyochapishwa mwaka 1988.

Kikiwa katika damu, kimelea hiki hujifunika kwa protini ya aina moja, VSG, nakala zake zikifika kama milioni 10, kila moja ikiwa na nanga yenye asidi mbili za miristiki. Kwa kuwa nanga imezama katika tabaka ya nje tu, VSG huteleza kwa urahisi juu ya seli. Kingamwili ikiishika, mkondo wa maji unaosababishwa na kuogelea kwa kimelea huisukuma nyuma, hadi kwenye mfuko ulio kwenye shina la mjeledi wake, ambako humezwa na kuyeyushwa kwa dakika chache. Kingamwili zikizidi, viko vimelea vichache ambavyo tayari vimebadili VSG kwa kuwasha jeni nyingine katika akiba yao ya jeni zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa vipande visivyokamilika vinavyoweza kuunganishwa upya. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutopatikana chanjo ya malale. Mbung'o anapofyonza damu yenye kimelea hiki, VSG hukatwa na vimeng'enya, na nafasi yake huchukuliwa na protini iitwayo prosaiklini, ambayo nayo hushikizwa kwa nanga ya GPI.