Baba na mama kwenye pikipiki moja: Siku tatu kutoka Maguu hadi Ziwa Nyasa

Chukua mfano wa mume na mke wanaoishi Songea. Wameoana miaka kumi na miwili, wana watoto watatu, na nje ya nyumba kuna pikipiki ya cc 150. Pikipiki hiyo imepeleka watoto shule, imebeba mahindi kwenda mashine, imekimbiza mgonjwa hospitali usiku. Haijawahi kuwapeleka wao wawili mahali popote kwa ajili yao tu.

Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, wanaamua kuondoka siku tatu. Watoto watabaki kwa bibi yao. Wao watapanda hadi Mbinga, wataingia Maguu kuona milima ya Umatengo, kisha watashuka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa.

Bibi anapokea watoto, anapokea na unga na sukari waliyomletea, halafu anauliza swali moja.

"Mwanangu, siku zote akisafiri baba, mama anabaki. Leo mnapanda wote wawili chombo kimoja. Kikianguka, hawa nitawaambia nini?"

Ni swali gumu, na mzazi yeyote anayefikiria likizo ya namna hii analazimika kulijibu kabla ya kuwasha injini. Halijibiwi kwa kumwambia bibi asiwe na wasiwasi. Linajibiwa kwa matendo, kuanzia kwenye kofia.

Kofia mbili, si moja

Nyumba nyingi zenye pikipiki zina kofia ngumu moja, na mwenyewe ni dereva. Anayekaa nyuma hujifunga kitenge kichwani na kumwachia Mungu. Tafiti za nchi mbalimbali zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kichwa cha anayekaa nyuma hakina ugumu wa pekee kuliko cha dereva.

Kwa hiyo mume na mke wetu wananunua kofia ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Inamkaa mama sawasawa, haichezi, na mkanda wake unafungwa kidevuni. Kisha wanakwenda kwa fundi: cheni inakazwa, pedi za breki zinabadilishwa, tairi la nyuma lililokwisha meno linatolewa. Leseni ya daraja A ipo, bima haijaisha.

Mizigo ni begi moja linalofungwa kwenye keria kwa mpira. Ndani kuna makoti mazito mawili, maana Mbinga mwezi wa saba ni baridi kweli, tyubu ya akiba, pampu, spana, dawa za kila siku na chandarua. Hakuna begi mapajani, na dereva habebi chochote tumboni.

Wanawekeana na masharti matatu. Hakuna kuendesha baada ya saa kumi na mbili jioni. Hakuna pombe mpaka pikipiki ilale. Na mmoja akisema tusimame, wanasimama, bila kuulizana kwanza.

Kujifunza kukaa wawili

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilometa 100 za lami. Upande wa Songea hadi Kitai barabara hiyo hupitiwa na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka. Lori likipita karibu, upepo wake huisukuma pikipiki, na mkono wa dereva ukitetereka mama huusikia mwili mzima.

Hapo ndipo wanapogundua kuwa hawajui kupanda pamoja. Kwenye kona ya kwanza kali baba analalia kushoto, mama kwa woga analalia kulia, na pikipiki inataka kwenda moja kwa moja porini. Wanasimama.

"Baba watoto, unaenda mbio."

"Siendi mbio. Wewe ndiye unanivuta."

Wote wawili wana haki kidogo. Anayekaa nyuma anatakiwa aangalie juu ya bega la dereva la upande wa kona, na mwili wake utafuata wenyewe. Dereva naye anatakiwa apunguze mwendo kabla ya kona, si katikati yake. Wanakubaliana na ishara: kupigwa begani mara moja ni punguza, mara mbili ni simama. Kwa sababu ya upepo na injini, kwa saa nzima hiyo ndiyo lugha yao yote. Kwa watu waliozoea kuongea kila mmoja akiwa na simu mkononi, ni jambo geni kidogo.

Mashimo yanayochimbwa na wawili

Mbinga mjini wanajaza tanki. Kwenye lami pikipiki ya aina hiyo huenda kilometa 30 hadi 40 kwa lita, lakini ikibeba watu wawili mlimani hunywa zaidi, kwa hiyo hesabu ya mafuta inafanywa kwa upande wa hasara. Wanalala hapo, na asubuhi, ukungu ukishapanda, wanaingia barabara ya vumbi kwenda Maguu.

Maguu ni kata ya wilaya ya Mbinga, ndani ya milima ya Umatengo. Huku kila mteremko ni shamba. Kahawa ya arabika, ambayo Wamatengo wameilima tangu miaka ya 1920, imekaribia nyumba, na mwezi wa saba ni msimu wa kuichuma. Juu na chini ya kahawa, kwenye miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili, kuna mashamba yenye mashimo mengi yaliyopangwa kama sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro.

Ngoro huanza karibu na mwisho wa mvua, mwezi wa tatu. Kwa desturi mume hufyeka nyasi na, zikishakauka, huzipanga chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa na miraba. Kisha mke huja na jembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Katikati linabaki shimo, pembeni yanabaki matuta, na matutani hupandwa maharage. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, hupandwa mahindi. Maji yanayoteremka hunaswa shimoni badala ya kuondoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Ndiyo maana miteremko hii imelisha watu kwa vizazi vingi bila kuporomoka.

Mume akipanga nyasi na mke asifukie, mvua ya kwanza itazisomba. Mke akichimba bila nyasi kupangwa, anachimba mashimo tu. Mama anasimama ukingoni mwa barabara na kulitazama shamba kwa muda, kofia mkononi.

"Na hapo huenda asubuhi hiyo waligombana," anasema.

Baba anacheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu Kitai.

Mbele kidogo kuna mpando wenye mawe yaliyolegea. Mwanaume mwenye kiburi angeupanda na mkewe nyuma ili aonekane. Baba anasimama, mama anashuka na kupanda kwa miguu, pikipiki inatangulia ikiwa nyepesi. Dakika kumi zinapotea. Hakuna anayezihesabu.

Kushuka ziwani

Siku hiyohiyo wanarudi Mbinga mapema, wanakula, na saa nane mchana wanashika barabara ya Mbamba Bay. Ni kilometa 66 za lami, na kutoka baridi ya milima inateremka hadi ziwani, kama meta 500 tu juu ya usawa wa bahari. Makoti yanavuliwa njiani.

Mteremko kama huo ndio unaowadanganya wengi. Dereva huweka nyutro ili aokoe mafuta, au huzima kabisa injini, akaiachia breki kazi yote. Breki zikipata moto hazishiki. Njia salama ni kubaki kwenye gia ya pili au ya tatu, injini yenyewe izuie mwendo, na breki zote mbili ziguswe kidogokidogo. Baba anafanya hivyo, na bega lake halipigwi hata mara moja. Kwenye kona mama analalia anakolalia yeye.

Kisha ziwa linaonekana, la buluu, pana, milima ya ng'ambo ikiwa kama moshi. Mbamba Bay ndiyo makao ya wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Jioni wanakula ugali na mbasa, wakitazama mitumbwi ikitoka kuvua usipa. Chandarua kinafungwa, kwa sababu huku chini mbu si wa kutania kama mlimani. Kuhusu kuoga wanawauliza wenyeji kwanza. Ziwa Nyasa lina kichocho sehemu zenye majani na maji yaliyotulia, na mamba sehemu nyingine, hasa karibu na midomo ya mito.

Asubuhi ya siku ya tatu baba anataka Liuli, kaskazini zaidi kando ya ziwa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa linalofanana na lile sanamu maarufu la Misri, na hapo ndipo mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, na kuilemaza. Ni mahali pa kwenda. Lakini kwenda, kurudi, kisha kupanda hadi Songea kutawakutanisha na giza na malori barabarani.

Mama anamgonga begani mara mbili. Pikipiki haijawashwa hata.

Baba anaangalia upande wa Liuli, kisha anageuza usukani kuelekea Mbinga. Anachosema ni kwamba watarudi mwakani, na safari hiyo wataomba siku nne.

Swali la bibi

Wanafika Songea saa kumi na moja jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Watoto wanakimbilia begi kutafuta walicholetewa: kahawa ya bibi, na furushi la usipa wakavu.

Likizo kama hii haifai kila nyumba. Mama akiwa mjamzito, dereva akiwa mgeni wa milima, au mvua zikiwa zimeanza, basi la abiria lipo, na ziwa ni lilelile. Wala safari ya siku tatu haimalizi ugomvi wa miaka kumi na miwili. Swali la kikianguka nitawaambia nini nalo linabaki pale pale; kofia mbili na mwendo wa taratibu hupunguza hatari, haviiondoi.

Bibi haulizi habari za ziwa. Anazichukua kofia, moja kila mkono, anazigeuza na kuangalia mikanda kama imelegea kwa kuvaliwa. Kisha anazitundika zote mbili kwenye msumari mmoja, na kuwaita wakale.