Bumba la Nyuki Ni la Nani?

Ijumaa moja mwisho wa masika, baada ya sala, walitujia madrasani wazee wawili majirani kutoka kijiji kimoja kilicho njia ya Korogwe kwenda Handeni. Wa kwanza ana mizinga sita ya masanduku nyuma ya shamba lake. Wa pili si mfuga nyuki wa siku nyingi, bali alikuwa ametundika mzinga mmoja wa gogo, mtupu, juu ya mwembe wake, akangoja. Jumatano bumba kubwa lilitoka katika sanduku la yule wa kwanza, likavuma hewani, na wajukuu zake wakalifuata mbio hata wakaliona likiingia katika mzinga wa jirani.

“Nyuki ni wangu,” alisema wa kwanza. “Mwalimu, mimi sikumwita hata mmoja,” alijibu wa pili, “wamekuja wenyewe, na mgeni hafukuzwi.” Wazee hawa wamesoma chuo pamoja utotoni, na tangu Jumatano walikuwa hawaamkiani.

Kabla ya kueleza jibu walilopata, yafaa vijana wetu wajue bumba ni kitu gani. Maua yakiwa mengi, mzinga hujaa nyuki na asali hata nafasi ikawa haba. Hapo nyuki watenda kazi hulea malkia wapya; na malkia hutimia kwa siku kama 16 tangu yai, hali mtenda kazi huchukua kama 21. Malkia mpya hajatoka bado, malkia wa zamani huondoka na sehemu kubwa ya watu wake, wote wamejaza matumbo asali ya safari. Hutua penye tawi wakashikana kama kishada, na wapelelezi wao huruka kutafuta tundu. Mpelelezi akirudi hucheza juu ya wenzake, na kwa mchezo huo huonyesha upande na umbali wa mahali alipopaona. Mtaalamu Karl von Frisch, aliyechunguza lugha hii ya nyuki, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Sisi Waislamu twajua tangu utotoni kwamba katika Qur’ani iko Sura ya Nyuki, nayo ni ya 16, na ya kwamba aya zake za 68 na 69 zataja makao ya nyuki milimani, mitini na katika yale wanayojenga watu.

Ama suala la wazee, sisi elimu yetu ni ya chuo na darasa la saba, hatukuthubutu kukata hukumu. Tuliwaomba subira, tukamwendea sheikh anayetuzidi. Yeye alitukumbusha mambo mawili yaliyomo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Imamu Shafii. La kwanza, mwindaji aliyetega wavu, windo lililonaswa ni lake. Basi atundikaye mzinga kwa kungoja nyuki wa mwituni, wakiingia ni wake. La pili, njiwa wa mtu akihamia katika nyumba ya njiwa wa mwingine, hawi mali ya huyo mwingine, bali yampasa kumrudisha. Nyuki hawa walikuwa katika milki ya mtu, na watoto waliwafuata kwa macho bila ya kuwapoteza. Basi aliwapima na njiwa, akasema nyuki ni wa mzee wa kwanza, na mzinga ni wa wa pili.

Tulidhani neno limekwisha, kumbe ndiyo kwanza. Mzinga wa gogo masega yake yamegandana na ubao; huwezi kuwatoa nyuki ila kwa kuvunja kila kitu. Na mwenye nyuki hakuwa na sanduku la saba. Akasema, basi akae nao, anipe galoni mbili za asali siku ya kurina. Sheikh akakataa: asali haijakuwapo, na yawezekana isiwepo; huko ni kuuza kisichojulikana. Ama utwae nyuki wako, au utoe zawadi isiyo na sharti. Mzee alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema ametoa. (Wenye kupenda kujua: Imamu Abu Hanifa hakujuzisha kuuza nyuki peke yao, lakini mwanafunzi wake Muhammad alijuzisha wakiwa wamehifadhiwa, na huo ndio msimamo wa Mashafii pia.)

Tumeandika haya kwa kuwa jambo hili litazidi. Zamani mtu alitundika magogo kumi mwituni Handeni, akaongojea. Leo miti mingi imekwisha kwa mkaa na mashamba, na kijana anayetaka kuanza aweza kungoja misimu miwili na mzinga wake u mtupu, hata akiupaka nta ndani. Huku mwenye mizinga iliyojaa huona mabumba yakimtoka yakipotea. Katika Ulaya wafugaji huandikiana majina, bumba likionekana hupewa asiye na nyuki. Kwetu kuna njia iliyo bora kuliko kungoja, nayo ni kugawa mzinga wa viunzi kabla haujajigawa. Hutolewa masega machache yenye mayai na majana machanga ya chini ya siku tatu, pamoja na nyuki walioyafunika na sega la asali, yakatiwa katika sanduku jipya. Waliokosa malkia watajilelea wao wenyewe.

Lakini kazi hii ifanywe jioni, kwa moshi wa kiasi, mbali na nyumba, mifugo na madrasa. Nyuki wetu ni wakali, na wepesi wa kuhama wakisumbuliwa na siafu, njaa au moto. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alichukua malkia wa Afrika, wengine wakitoka Tanganyika, akawapeleka Brazili. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na uzao wao ukafika Texas mwaka 1990. Ndio hawa hawa tunaowachokoza kwa mawe.

Wazee wetu wawili walijaribu kugawa msimu uliofuata. Mara ya kwanza waliliweka sanduku jipya hatua arobaini kutoka la zamani, na kesho yake wakubwa wote walikuwa wamerudi kwao, majana yamekufa kwa baridi. Nyuki hujua njia ya nyumbani. Wapelekwe kama maili tatu au zaidi. Mara ya pili walilifunga sanduku kwa wavu wa waya, wakalipeleka usiku kwa mkwe wa mmoja wao upande wa Korogwe. Mwenye bajaji wa kwanza aliposikia mvumo alikataa kabisa. Wa pili alitaka nauli maradufu, akalipwa, wakagawana nusu kwa nusu.