Je, Wajua? Siri za Gemu za Mikakati

Sogea karibu, msomaji! Gemu za kujenga miji, kupanga majeshi na kutawala dunia zina maajabu yake. Zinazopendwa hukuachia wewe uamuzi, zinazochusha hukunyang'anya. Haya, hesabu nami!

Je, wajua kuwa Civilization ya Sid Meier, iliyotoka 1991, ilianza kama gemu ambayo saa yake haisimami? Meier akaigeuza iwe ya zamu, ufikiri kwanza ndipo utende. Tangu hapo watu hawalali: zamu moja tu, halafu moja tena!

Je, wajua kuwa hesabu ya kweli huwaudhi wachezaji? Katika Civilization Revolution ya 2008, jeshi lenye nguvu 3 kwa 1 lilipaswa kushindwa mara 1 kati ya 4. Waliojaribu wakang'aka, na Meier akakata shauri: 3 kwa 1, unashinda daima!

Wajiona mlenga shabaha hodari wa XCOM 2? Ngoja nikuambie! Kwenye ngazi rahisi, ukikosa, kompyuta hukuongezea bahati kimyakimya kwa risasi ijayo, na asilimia iliyo kwenye skrini haikwambii kitu.

Je, wajua kuwa vita vya Into the Breach ya 2018 hupiganwa kwenye miraba 64 tu, sawasawa na ubao wa sataranji? Adui hukuonyesha mapema atapiga wapi. Ukishindwa huna wa kumlaumu, na hapo ndipo penye utamu!

Sasa tazama zilizoanguka. Master of Orion ilipendwa sana mwaka 1993, lakini ya tatu, ya 2003, ilikabidhi kazi nyingi kwa magavana wa kompyuta. Wachezaji wakalalamika: gemu inajicheza yenyewe!

Na hii je? SimCity ya 2013 ilidai intaneti hata kama unacheza peke yako, na seva zikazidiwa siku za mwanzo kabisa. Mwaka 2015 kikundi cha watu 13 hivi kutoka Finland kikaleta Cities: Skylines, ikauza nakala milioni 1 ndani ya mwezi mmoja. Watu 13, ndugu yangu!

Je, wajua kuwa StarCraft imefika angani? Mwaka 1999 mwanaanga Daniel Barry alipanda na nakala yake kwenye chombo Discovery.

Shika hii, ni yetu! Civilization IV ya 2005 hukukaribisha kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungiwa muziki na Christopher Tin wa Marekani. Mwaka 2011 ukatwaa Grammy, muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo hiyo!

Wapi Waunguja? Katika Civilization VI, Zanzibar ni mji unaojitawala. Ukiwa mlezi wake mkuu unapewa mdalasini na karafuu, bidhaa usizozipata kwingine kokote humo!

Na Age of Empires II? Ilitoka 1999, ikapambwa upya 2019. Mtoto aliyezaliwa pamoja nayo sasa ana ndevu, nayo bado inaongezewa mataifa ya kuongoza. Wewe ungeanza na lipi?