Kifua Kikuu cha Utando wa Mapafu: Maji Mengi, Vijidudu Vichache

Kila pafu la binadamu limefunikwa na pleura, utando mwembamba wenye matabaka mawili, ambapo tabaka la ndani limeshikamana na pafu lenyewe na la nje limeambatana na ukuta wa kifua. Kati yake pana nafasi finyu yenye mililita chache tu za majimaji, ambayo huyalainisha matabaka hayo yasisuguane mtu anapopumua.

Ugonjwa huanza pale kidonda kidogo cha kifua kikuu, kilichojificha pembezoni mwa pafu, kinapopasuka na kumwaga bakteria pamoja na protini zao katika nafasi hiyo. Limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu ambazo tayari zimeshamtambua adui huyo, hujazana hapo. Mishipa midogo ya damu huvuja, njia zinazofyonza maji huziba, na penye matone hujaa maji, wakati mwingine hata zaidi ya lita moja. Mgonjwa hupata homa, kikohozi kikavu na kichomi, maumivu makali ya ubavuni yanayozidi anapovuta pumzi. Maji yakiongezeka, kichomi huweza kupungua kwa kuwa matabaka hayagusani tena, ingawa pumzi hubana.

Kwa kuwa maji hayo ni zao la mapambano ya mwili zaidi kuliko la wingi wa vijidudu, hadubini huwaona bakteria katika maji ya wagonjwa wasiofika 10 kati ya 100. Ndiyo sababu madaktari hupima adenosini diaminasi, kimeng'enya kinachoongezeka limfosaiti zinapoamka, au hukata kipande kidogo cha utando ili kutafuta vinundu vya ugonjwa.

Hata pasipo dawa, mara nyingi maji hukauka yenyewe, na hapo ndipo penye hadaa. Wanajeshi 2,816 wa Finland waliougua maji ya kifuani katika miaka ya Vita Kuu ya Pili walipofuatiliwa, asilimia 43 walikuja kupata kifua kikuu baadaye. Kwa hiyo tiba ya kawaida huchukua miezi 6, dawa nne kwa miezi 2 ya mwanzo na mbili kwa miezi 4 inayofuata, kwa sababu kinacholengwa si maji, bali kidonda kilichoyaleta.