Maamuma Akimzindua Imamu

Katika sala, imamu akiteleza katika aya, maamuma aliye nyuma yake humzindua, wala hapana amwitaye mkosefu wa adabu. Mafundi wa kompyuta nao wana kisa chao.

Jon Bentley, mwalimu wa Kimarekani, alifunza namna ya kutafuta kitu katika orodha iliyopangwa: gawa katikati, tupa nusu isiyo nacho, kisha gawa tena. Katika kitabu chake cha 1986 aliithibitisha kwa hoja. Joshua Bloch, aliyemsomea Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, akaiandika katika Java. Ikatumika miaka kama tisa ndipo kosa likagunduliwa, na mwaka 2006 Bloch akakiri hadharani kuwa lake na la mwalimu wake ni lile lile. Ili kupata katikati, walijumlisha mwanzo na mwisho. Jumla ikipita 2,147,483,647, mashine huigeuza ikawa chini ya sifuri. Dawa yake ndogo: mwanzo, ongeza nusu ya tofauti.

Basi mwanafunzi, programu uliyopewa na mwalimu uikamilishe, usiimeze bila kuitafuna. Ukiona kosa, sema kwa upole. Kunyamaza si heshima.