Kiingereza Kikatiti: Kwa Nini Tukifundishe, na Namna ya Kukifanya Kipendeze

Wajumbe wa kamati za usharika na marafiki wanaotuchangia hutuuliza mara kwa mara swali hili: ikiwa watoto wa Kikatiti wanazungumza Kiswahili vizuri, na nyumbani wengi wana Kimeru au Kimaasai, kwa nini muda na fedha za usharika vitumike kwa ajili ya Kiingereza? Ni swali la haki. Wengi wetu tumeona jinsi mtu anavyopewa heshima asiyoistahili mkutanoni kwa sababu tu amechanganya maneno mawili matatu ya Kizungu.

Kwa anayeitazama ramani, jibu linaonekana rahisi. Kikatiti iko kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai. Magari ya watalii hupita hapa kutwa yakienda na kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Kijana anayetaka kuongoza wageni Mlima Meru au kupata kazi ya hoteli atahitaji Kiingereza, na hilo halina ubishi. Lakini si watoto wote watakaofanya kazi ya utalii. Sababu kubwa zaidi haiko barabarani, iko kidato cha kwanza.

MLANGO WA SEKONDARI

Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo. Mtoto akiingia sekondari mambo yanageuka mara moja. Ukiacha somo la Kiswahili lenyewe, karibu kila kitu ni Kiingereza: vitabu, maelezo ya ubaoni na mitihani. Shule nyingi huanza na kozi fupi ya lugha ya majuma machache, kisha safari inaendelea, awe mtoto ameelewa au hajaelewa.

Chukulia somo la sayansi. Katika shule ya msingi mtoto amejifunza usanisinuru. Anajua kwamba jani hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kutengeneza chakula cha mmea, na ukimpa chaki atakuchorea. Baadaye, akiwa sekondari, mwalimu anaandika ubaoni "photosynthesis", na mtoto yule yule anakaa kimya. Hajasahau sayansi. Kitu anachokijua kimebadilishwa jina, na hakuna aliyemwambia. Mwalimu anauona ule ukimya na kudhani mtoto ni mzito wa kuelewa. Mzazi anaiona ripoti na kudhani mtoto ni mvivu. Baada ya muda mtoto mwenyewe huwaamini wote wawili.

Hiyo ndiyo hasara tunayoizungumzia. Ada katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, lakini sare, madaftari na viatu havikufutwa. Mzazi ameuza mahindi au nyanya, pengine hata ndama, ili mtoto akae miaka minne mbele ya masomo ambayo hayasikii vizuri.

Tatizo hili si geni wala si la Kikatiti peke yake. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ambayo wengi huiita Tume ya Makweta, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kuona kwamba hata kidato cha nne ni takriban mmoja kati ya kumi tu aliyekuwa na lugha ya kutosha kusomea masomo mengine. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 nao ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa darasa la saba hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufufua mjadala wa lugha ya kufundishia, lakini sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu sera hiyo. Mwandishi wa makala haya anadhani Tume ya 1982 ilikuwa na hoja nzito. Lakini mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari hawezi kusubiri tumalize mjadala.

BARUA ZA MARAFIKI

Kuna jambo jingine linaloihusu kamati yenyewe. Sharika nyingi zina urafiki na sharika za Ujerumani, Marekani na kwingineko, na barua huandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi anayezisoma na kuzijibu ni mtu mmoja tu. Akihama, urafiki unahama naye. Akikosea kutafsiri, kamati nzima imekosea. Mhazini anaulizwa na mfadhili kuhusu matumizi ya fedha, naye anajibiwa na mtu mwingine kwa niaba yake, bila yeye kujua kilichoandikwa.

Watu wa Meru wanaielewa hali hii kuliko wengi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa wananchi kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, aliyafikisha malalamiko hayo Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kilio cha wanavijiji kilisikika mbali kwa sababu kilifikishwa kwa lugha ambayo watu wa mbali waliweza kuisoma.

Hapa tuseme wazi kwamba kujifunza Kiingereza si kukidharau Kiswahili. Mwalimu Nyerere alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, na ni yeye huyo aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitambua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kiingereza ni lugha. Si kipimo cha akili, na mtoto asiyekijua si mjinga.

KUKIFANYA KIPENDEZE

Adui wa kwanza ni aibu. Mtoto hujifunza kuongea kwa kuongea, na ataongea vibaya kwanza. Akichekwa mara moja, kinywa hufungwa hadi kidato cha nne. Vijiti, na kibao cha kuvishwa shingoni kwa aliyeongea lugha ya nyumbani, havijawahi kumfundisha mtu kuongea, vinafundisha kunyamaza. Kwa hiyo kundi la Kiingereza la usharika liwe na kanuni moja tu inayosimamiwa kwa ukali: hakuna kumcheka aliyekosea. Mtoto akimwita mama yake "he", mwalimu asishangae. Kiswahili kina neno moja, yeye, kwa mwanamke na mwanamume. Mtoto anafuata sarufi anayoijua, na kusahihishwa kwa upole kunatosha.

Kisha mwonyesheni mtoto kwamba haanzi mikono mitupu. Tayari anayo maneno mengi ya Kiingereza yaliyovaa koti la Kiswahili: shati, sketi, blanketi, penseli, tiketi, baiskeli, tairi, breki. Mchezo ni kuyavua koti. Kiswahili hupenda neno liishie na irabu, Kiingereza mara nyingi hakijali. Ondoa ile irabu ya mwisho, rekebisha kidogo, na breki inakuwa "brake", tiketi inakuwa "ticket". Watoto wakigawanywa makundi mawili yakashindana nani atavumbua maneno mengi zaidi yaliyojificha nyumbani, jikoni au gereji, saa nzima hupita bila mtu kusinzia. Na hapo hapo wanagundua wenyewe kwa nini husema "booku" badala ya "book", kwani ni ile irabu iliyozoea kukaa mwishoni. Vijana wakubwa wasiachwe. Waliokaa kibanda umiza kila Jumamosi wakitazama ligi ya Uingereza wanajua goli, kona, penalti na ofsaidi. Waombeni watangaze mechi kwa Kiingereza kwa dakika mbili, huku simu ikionyesha picha bila sauti.

Kwa wadogo, mchezo wa amri ni mzuri kuliko yote. Mwalimu anasema "touch your ear", wote wanagusa sikio, anasema "stand up", wote wanasimama, anayechelewa anatoka. Uzuri wake ni kwamba mtoto mwenye haya naye anashiriki kwa masikio na mikono kabla hajadaiwa kufungua mdomo. Zamu ya kutoa amri ikimfikia, na hasa akiruhusiwa kumwamuru mwalimu, mtaona.

Vitendawili navyo tunavyo bure. Mtoto aende kwa bibi yake, alete kimoja, kisha darasa likitege kwa Kiingereza. "Nyumba yangu haina mlango" inakuwa "My house has no door", na wote wanajua ni yai. Mtoto ametumia Kiingereza kusema jambo la kwao, na bibi ameingia darasani bila kujua.

Faida kama hiyo inapatikana kwa hadithi zinazofahamika. Mtoto wa Shule ya Jumapili anaijua habari ya mwana mpotevu tangu mwanzo hadi mwisho. Akiisoma kwa Kiingereza hapotei njia, kwa kuwa maana anayo tayari na anachotafuta ni maneno tu. Tunashauri toleo la Kiingereza chepesi. Yale ya zamani sana yana lugha ambayo hata Waingereza wenyewe hawaiongei tena, na mtoto akiipeleka shuleni atashangaza watu. Kwaya pia ni mwalimu mzuri: wimbo mmoja wa Kiingereza kwa mwezi, uliofafanuliwa neno kwa neno kabla ya kuimbwa. Kuimba bila kuelewa tunakuweza tayari.

Watu wazima nao wapewe nafasi, jioni moja kwa juma. Wasianze na sarufi. Waanze na barua halisi kutoka kwa usharika rafiki, au karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya nyanya, ambapo kukosea kipimo ni kukosea mavuno.

Neno dogo kuhusu vijana wanaokuja kutoka nje kujitolea. Tunawashukuru. Lakini anayekaa majuma matatu asichukue darasa la mwalimu na kuanza upya sarufi ambayo watoto walishaifundishwa mara nne. Akae nao, acheze, aulize maswali ya kawaida, na yeye ajifunze Kiswahili mbele yao. Watoto wakimsikia Mzungu mzima akikosea "ng'ombe" na kurudia bila kuona haya, watakuwa wamejifunza kitu ambacho mwalimu wao hana namna ya kuwaonyesha.

Kwa wafadhili wanaouliza watume nini: si ensaiklopidia za zamani. Hizo ni nzito, hugharimu sana kusafirisha, na huishia kabatini. Vinavyotakiwa ni vitabu vyembamba vya hadithi, vyenye picha na maneno machache kila ukurasa, na vingi vinanunuliwa Arusha mjini. Nakala kumi na tano za kitabu kimoja ni bora kuliko vitabu kumi na tano tofauti, kwa sababu watoto thelathini wanaweza kukaa wawili wawili wakasoma ukurasa mmoja kwa pamoja. Na kabla vitabu havijafika, kamati imteue mtu anayeishi karibu na kanisa, akae na ufunguo wa kabati, na awe tayari kulifungua kila Jumamosi saa nane mchana.